Aliyeita Mwethya

Bwana Nthiwa, meneja wa manispaa ya Kyambusya, alikuwa na kipawa ambacho hakikutajwa katika tangazo la kazi yake: aliweza kuuvika uchoyo joho la utamaduni, na watu wakasimama kuupigia makofi. Siku ya kikao cha maoni ya wananchi, tulipofika ukumbini kudai kikosi cha zimamoto kiwe na watu wanne kila zamu badala ya wawili, alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeombewa. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatamka neno moja.

"Mwethya."

Akatuacha tulionje.

"Babu zetu walikuwa na zimamoto?" akauliza. "Nyumba ya jirani ikishika moto, walikuwa wanapigia nani simu? Walipiga nduru, mwethya ukatoka, moto ukazimwa. Leo mtoto anatoka kampasi na makaratasi, ananiambia watu wawili ni wachache. Wachache aje, na mji mzima uko hapa?"

Ukumbi ukacheka. Mtoto wa kampasi nilikuwa mimi, na ni vigumu kulipinga neno ambalo wewe mwenyewe unaliheshimu. Kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya majirani, Wakamba wamejengeana nyumba, wamelimiana mashamba na kuzuia maji ya mito ya msimu kwa mabwawa ya mchanga, bila kungoja meneja yeyote azaliwe. Bwana Nthiwa hakuwahi kushika jembe la mwethya hata mara moja. Alilipenda neno lenyewe kwa sababu lilimgharimu pumzi tu.

Wala hapakuwa na mtu wa kumkumbusha kwamba babu zetu walizima vibanda vya nyasi, si magodoro ya sponji ambayo moshi wake humwangusha mtu kabla hajamaliza kukohoa. Au tuseme mtu huyo alikuwapo, ila alikuwa amekatazwa kusema. Dada yangu Ndunge, mzimamoto wa manispaa hiyohiyo, alikuwa ameketi nyuma kabisa, bila sare, kwa kuwa alikuwa amesimamishwa kazi.

Kosa lake lilikuwa hili. Duka la Qamar, mama mmoja Msomali anayeuza magodoro na chakula cha mifugo kwenye barabara ya kwenda Salama, lilishika moto adhuhuri. Gari la zimamoto lilifika likiwa na watu wawili: Munyao, dereva, ambaye lazima abaki kwenye pampu ili maji yasikatike, na Ndunge, ambaye ndiye kikosi kilichosalia. Qamar alikuwa amekwisha kuwatoa wafanyakazi wake wote. Ndani hamkuwa na mtu. Ndunge alisimama mlangoni na mpira wa maji, akaupiga moto kutoka nje, akaulowesha ukuta wa jirani aliyekuwa akiuza mitungi ya gesi. Ndipo Bwana Nthiwa alipowasili akifuatwa na mpiga picha, akamwamuru aingie ndani.

"Kuna mtu ndani?" Ndunge alimuuliza.

"Kuna mali ya mwananchi!"

Ndunge alikataa. Sheria ya kwanza aliyofundishwa katika kazi hiyo ni kwamba mtu haingii motoni peke yake: wawili huingia pamoja, na nje hubaki wenzao walio tayari kuwafuata wakikwama. Gesi ya jirani haikulipuka. Magodoro yaliteketea yote. Picha ya mzimamoto akiibuka kishujaa kutoka katika moshi, ambayo bila shaka ilikuwa imekwisha kutafutiwa nafasi katika jarida la manispaa, haikupatikana. Wiki hiyohiyo Ndunge alishtakiwa kwa kukaidi amri na kudhihirisha woga kazini, na mwenyekiti wa kamati ya nidhamu alikuwa ni nani kama si Bwana Nthiwa, mlalamishi, shahidi na hakimu katika koti moja.

Basi pale ukumbini, baada ya makofi kutulia, alitangaza ufumbuzi wake. Jumamosi manispaa ingechoma ghala bovu la pamba lililo kando ya uwanja wa michezo, na umma ungejionea jinsi wazimamoto wawili na mwethya wanavyotosha. Ndunge angerudishiwa sare kwa alasiri hiyo moja. Akiingia, kesi ingefikiriwa upya. Asipoingia, kamati ingekuwa na ushahidi wa uwanja mzima, naye angefutwa kazi.

"Na mimi mwenyewe," alimalizia, akijigonga kifua, "ndiye ninayeuita mwethya huo!"

*

Jioni nilimkuta Ndunge nyuma ya nyumba akichambua mbaazi, kwa utulivu ulioniudhi.

"Utaingia?" nikamuuliza.

"Na nani?"

"Wamesema na mwethya."

"Mwana wa mwaitu," akasema, kwa maana tumezaliwa na mama mmoja, na hutumia jina hilo anapotaka nisibishane, "wale wamama watabeba maji, watapiga nduru, watanipenda sana. Lakini nikianguka ndani, nani ana mtungi wa hewa wa kunifuata? Nikifutwa nitauza samosa. Nikiingia peke yangu, mkipenda mtaziuza nyinyi, matangani kwangu."

"Sasa ukikataa, watamweka mwingine."

"Hapo ndipo penye shida," akasema, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikasimama. "Huyo mwingine atakuwa kijana ametafuta kazi miaka mingi. Akiambiwa ingia, ataingia."

Nilikwenda kumwona Kaluki, mwenyekiti wa mwethya wa akina mama wa Kyambusya na mwenye hoteli ya chapati na ndengu karibu na soko. Kaluki si mwanamke mnyenyekevu. Alikuwa tayari amevaa fulana nyekundu aliyogawiwa na manispaa, yenye maandishi MWETHYA WA MOTO, na ilivyombana kifuani ilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mama Kaluki, nimekuja kwa ajili ya Ndunge."

"Yule wa kuogopa moto?"

"Hakuogopa, mama. Hakuwa na mwenzake."

"Mimi nimezaa watoto wangu wote kwa nyumba, na mwenzangu, baba yao, alikuwa mbali huko Kiboko anachunga ng'ombe za serikali. Nilikataa kuzaa?"

Wateja walicheka hadi chai ikamwagika. Nilivumilia, nikamweleza kwamba mwethya ukienda uwanjani, utakuwa umemsaidia Bwana Nthiwa kumfukuza dada yangu na kumpeleka mwingine kufa. Aliigeuza chapati bila haraka.

"Sikia, msichana. Mwethya hauendi mahali kwa sababu ya Ndunge, na haukosi kwenda kwa sababu ya Ndunge. Umeitwa ama haujaitwa?"

"Umeitwa."

"Na nani? Si karani?"

"Na Nthiwa mwenyewe. Mbele ya ukumbi mzima, akijipiga kifua."

"Ii," akasema Kaluki, akaiweka chapati kwenye sahani. "Basi tutaenda."

Nilitoka pale nikiwa nimemdharau kidogo yeye, na mji wangu sana. Nilidhani amenunuliwa kwa fulana.

*

Jumamosi alasiri hema jeupe lilisimamishwa kwa wakubwa, na jua likaachiwa wananchi. Wanakamati wa nidhamu walikuwa wamepangwa mstari wa mbele, kila mmoja na chupa yake ya maji, wakionekana kama watu walioalikwa kwenye harusi ya mtu wasiyemjua. Qamar alikuwa ameketishwa kando yao kama kielelezo cha hasara. Mchungaji alimwomba Mungu, kwa maneno mengi na kwa sauti iliyovunjika mahali pafaapo, awalinde wazimamoto wetu, jukumu ambalo manispaa ilikuwa imeamua kumwachia Yeye peke yake.

Kisha vijana wakawasha magunia na magurudumu mabovu yaliyokuwa yamerundikwa ghalani. Kwa muda mfupi uliwapendeza watu, moto ule. Halafu moshi ukageuka mweusi, ukaanza kutoka chini ya mabati kwa nguvu, kana kwamba mtu alikuwa akiusukuma kutoka ndani, na makofi yakapungua. Munyao alikuwa amekwisha kusimama kwenye pampu. Ndunge alikuwa mlangoni, sare kamili, mtungi mgongoni, akitazama nyuma yake ambako hapakuwa na mtu.

Bwana Nthiwa alishika kipaza sauti.

"Mwethya, mko tayari?"

"Tuko!" wakaitika akina mama, ukuta mzima wa fulana nyekundu.

"Basi kazi ianze!"

Hakuna aliyesogea. Bwana Nthiwa alitabasamu kwa mpiga picha, akarudia. Hakuna aliyesogea. Hapo Kaluki akatoka mbele, mikono kiunoni.

"Tunakungoja," akasema.

"Mnangoja nani?"

"Wewe. Si ni wewe uliita? Mwenye kuita mwethya ndiye hugonga jembe la kwanza. Sisi tunafuata mahali wewe umepiga."

"Mama Kaluki, mimi ni meneja."

"Na mimi ni mwenyekiti. Chifu aliita mwethya wa bwawa, akabeba mawe na sisi. Jiwe lilimponda kidole, akabeba na ule mkono mwingine. Wewe umekatika mikono?"

Uwanja ukaguna kwa furaha. Bwana Nthiwa alicheka kile kicheko ambacho wakubwa hukitumia kuwaonyesha watu kwamba utani umekwisha.

"Mzimamoto yuko pale. Aingie!"

"Ulisema wawili na mwethya," Kaluki akamjibu. "Dereva ako kwa pampu. Huyo msichana ni mmoja. Wa pili ni nani? Mimi sina shida na wewe, mwana wakwa, na huyo msichana hata simpendi. Lakini mwethya ni mwethya. Tangulia, tuko nyuma yako."

"Mheshimiwa," Munyao akaita kutoka garini, akiwa na adabu zote, "koti langu litakutosha. Na mtungi wangu umejaa. Tangu ununuliwe haujawahi kupata mgongo."

Kuna wakati mtu mwoga hulazimika kuonekana jasiri kwa sababu njia ya kurudi imejaa watu wanaocheka. Bwana Nthiwa alivua koti lake, akavaa la Munyao. Alifungwa mtungi, akavikwa kofia, akapigwa picha. Nilimwona mjumbe mmoja wa kamati akifungua chupa yake ya maji na kusahau kunywa.

Ndunge alimpokea mlangoni bila kebehi yoyote. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia, na nilishangaa kwamba alizungumza naye kama na mwanafunzi aliyetaka kwa dhati arudi salama.

"Shika bega langu la kushoto. Usiliachilie hata ukiona nini. Tutatambaa, hatutasimama. Ukishindwa, nigonge mgongoni, tutatoka wote wawili. Nikianguka mimi, usinivute peke yako, toka ukaite..." Akageuka akatazama nje. Hapakuwa na wa kuitwa. "Basi nisianguke," akasema, akafunga barakoa.

Aliusukuma mlango. Moshi ulimiminika kifuani mwao kama kitu chenye uzito. Ndani, mahali fulani juu, boriti ililia. Bwana Nthiwa alikuwa ameshika bega la Ndunge kama alivyoagizwa, na hatua moja aliipiga, ninakiri. Ya pili hakuipiga. Aliachilia bega, akarudi nyuma, akainyofoa barakoa usoni.

"Ndani kuna mtu?" akapiga kelele. Moto ulikuwa ukinguruma, kwa hiyo alilazimika kupaza sauti, na uwanja mzima ukamsikia.

"Hakuna," Ndunge akajibu.

"Sasa tunaingia kufanya nini?"

Kisha mtu fulani nyuma akapiga mluzi mrefu, na kicheko kikaanza, kikapanda, kikafika hadi ndani ya hema.

"Ingia wewe!" Bwana Nthiwa akafoka. "Mimi nitakuangalia kutoka hapa!"

"Siingii peke yangu, bwana meneja," Ndunge akasema. Akauvuta mlango akaufunga, akachukua mpira wa maji, akaanza kulowesha ukuta wa upande wa nyumba za watu, jinsi alivyofanya siku ile, jinsi mtu mwenye akili anavyofanya. Sasa akina mama walisogea. Walibeba ndoo, wakazima cheche zilizorukia nyasi. Paa la ghala lilibomoka lenyewe, likashuka ndani kwa kishindo, mahali ambapo manispaa ilikuwa imekusudia kumweka dada yangu.

Hapo Bwana Nthiwa, akiwa bado na koti la Munyao na masizi kwenye pua, alifanya jambo ambalo mtu mwenye haya asingelifanya. Alimgeukia Qamar, akampa kipaza sauti.

"Mama Qamar, waambie watu ulipoteza nini kwa sababu ya huyu."

Qamar alisimama, akatengeneza mtandio wake. Hakuzungumza na kipaza sauti. Alizungumza na Ndunge.

"Mimi nilikulaani," akasema. "Wallahi, nilikuwa nalala nikikulaani. Nilisema huyu msichana amesimama tu kwa mlango, mali yangu inaungua. Leo nimeona mlango." Akaelekeza mkono kwenye ghala lililobomoka. "Magodoro yatakuja tena na lori. Wewe ungeletwa na nani?"

Akamrudishia meneja kipaza sauti chake, akaketi.

*

Mtu asiyeyajua mabaraza yetu angedhani mambo yaliishia pale. Kamati ya nidhamu, iliyokuwa imeona kila kitu kwa macho yake yote, ilitoa taarifa kwamba shauri la Ndunge limeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Dada yangu hakufutwa, hakurudishwa. Gari la zimamoto liliendelea kutoka na watu wawili, mmoja wao kibarua wa muda aliyekuwa akijifunza kuvaa kofia njiani. Niliandika, nikapiga simu, nikaketi katika kumbi za kungojea hadi mabawabu wakanizoea. Haki ya ofisini, nilijifunza, haikataliwi kamwe. Huombwa tu isubiri kidogo.

Kaluki hakusubiri. Jumatatu asubuhi alifika manispaa na mwethya wote, wakiimba, wakaingia hadi ofisi ya meneja.

"Uliita kazi, ukaitoroka," akamwambia. "Mtu akitoroka mwethya, mwethya huenda kwake na kuchukua kitu. Sufuria, ama kuku, ama mbuzi. Anarudishiwa akimaliza kazi, na kazi yako ni kuleta mtu wa pili wa kuingia. Wewe hapa huna kuku."

Wakachukua kiti. Kilikuwa kiti kirefu cha ngozi nyeusi, chenye magurudumu, na bawabu mwenyewe alisaidia kukipitisha mlangoni. Walikisukuma barabarani, wakipokezana, hadi hotelini kwa Kaluki, wakakiweka mbele penye chapati. Wachuuzi waliokuwa wakielekea Mbumbuni walisimama kukiangalia. Bwana Nthiwa alipiga simu polisi. Konstebo mmoja alikuja, akasikiliza, akauliza kama ni kweli bwana meneja ndiye aliyeuita mwethya; alipoambiwa ndiye, alikuna kidevu.

"Mheshimiwa," akasema, "hata mama yangu ako na mwethya. Hii mambo maliza na wao."

Akaagiza chai, akainywa akiwa ameketi kwenye kile kiti.

Ofisi ilimletea meneja kiti kingine. Akina mama wakakichukua. Ikamletea cha plastiki. Kaluki akakitazama, akasema hicho wamwachie, kinamfaa. Mtu aliyeweza kuvumilia kuitwa mwongo magazetini hakuweza kuvumilia kupokea wageni akiwa chini kuliko meza yake. Fedha ambazo hazikuwapo zilionekana. Shauri la Ndunge lilifutwa bila neno la samahani, na wazimamoto wapya wakaajiriwa, wakapelekwa mafunzoni, wakaletwa Kyambusya, wanne kila zamu. Siku ya kuwatambulisha, Bwana Nthiwa alituhutubia juu ya maono yake ya muda mrefu. Alisema daima ameamini kwamba mzimamoto haachwi peke yake. Alilisema hilo kwa machozi mepesi, na nafikiri aliliamini, jambo linalochukiza kuliko uongo.

Viti vilirudishwa. Mimi nilibaki nikimwona Kaluki kila nilipopita sokoni, na kila mara aliniuliza kwa sauti ya juu kama dada yangu bado anaogopa moto.

Kisha, siku moja ya jua kali, kinu cha kusaga mahindi kilishika moto nyuma ya soko, na safari hii mama mwenye kinu alikuwa akilia kwamba msaidizi wake, Kaveke, hajatoka. Gari lilifika. Munyao aliruka kwenye pampu. Mmoja wa wale wapya alibaki nje akifunga barakoa, tayari. Ndunge alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, akapiga magoti, na moshi ukampita juu ya kofia. Hakugeuza kichwa.

"Uko?" akauliza.

Mkono ukamshika bega la kushoto.

"Niko."

Wakaingia.